Kioo cha Nyuma Kisichofunguka

Siku bwana yangu alipoleta pikapu nyumbani, kioo cha nyuma hakikuwepo. Palikuwa na nailoni iliyobandikwa kwa utepe wa skochi, na muuzaji alikuwa ameapa kwamba ni jambo dogo. Jambo dogo! Tukaenda garaji, fundi akatueleza kwamba tunaweza kuchagua: kioo kizima kisichofunguka, kioo cha kusukuma kinachofunguka katikati, au kile chenye nyaya za kuyeyusha barafu. Barafu ya Kolwezi, mji wa jua na vumbi, mnaijua wenyewe.

Mimi nilitaka cha kusukuma. Nilisema kabini inahitaji kupumua, na tena watu wakikaa nyuma wataweza kusema na shofere. Bwana yangu akanitazama kwa huruma.

"Mama," akasema, maana akinidharau ndipo huniita mama, "vumbi itaingia yote. Na batu ba nyuma beko na nini ya kusema?"

Akachagua kizima, cheusi tii. Kuhusu hewa, alisema klima iko, kiyoyozi cha gari. Na kweli ilikuwepo: matundu manne mbele, na chujio ambalo halijawahi kubadilishwa tangu gari lizaliwe, likitupulizia harufu ya soksi za mwenye gari wa kwanza. Bwana yangu alifunga vioo vyote na kuivuta harufu hiyo kwa fahari. Kwenye barabara ya Mashamba, makamio, yale malori ya madini, yakitupita na vumbi lake, alipenda kunionyesha kwa kidole: "Unaona? Hata kidogo haiingie." Na kwa haki ya Mungu, haikuingia.

Sasa, mama yangu. Sisi ni watu wa Kasai. Babu aliletwa huku Kolwezi kuchimba madini, na kati ya vitu vyote alivyoacha njiani, heshima ya ukwe hakuiacha. Kwetu mama na mkwe wake hawakai pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Mama akija kwetu, bwana yangu anapitia mlango wa jikoni. Wakitaka kusalimiana, wanapitia kwangu, mimi katikati kama posta. Miaka yote hiyo ya ndoa, mama aliujua mgongo wa mkwe wake kuliko uso.

Ndipo dada mkubwa wa mama akafariki, huko upande wa Nzilo. Mama ana pumu. Daktari alimkataza vumbi, jambo rahisi sana kwa mtu wa Kolwezi: asipumue tu. Lakini ni kilio cha dada yake, nani angemzuia? Gari lilikuwa moja na shofere mmoja, kwa sababu mimi, ingawa leseni ninayo, niliambiwa kila mara kwamba gia za gari hili hazipendi wanawake.

Asubuhi hiyo nikamfungulia mama mlango wa kabini. Akacheka.

"Mi niingie mule na mukwe wangu? Tukae goti kwa goti? Weye mutoto, uko na akili?"

Nikatandika godoro nyuma. Akapanda, akajifunika kikwembe mpaka kichwani, nami nikapanda naye. Bwana yangu, kwa heshima yake kubwa, akakigeuza kile kioo kidogo cha shofere cha kuangalia nyuma, kikatazama dari, asije akamwona mama mkwe kwa bahati mbaya. Akawasha klima. Tukaondoka, bwana mmoja kwenye hewa safi na wanawake wawili kwenye vumbi, wote tukiheshimiana sana.

Lami ikaisha, makamio yakaanza. Kamio la kwanza lilipopita, mama alikohoa. Yalipopita mengine, hakukohoa tena. Alikuwa anavuta hewa na haipati, mabega yanapanda, midomo inakuwa rangi ya majivu. Akapuliza pompi yake ya pumu, vumbi likaingia pamoja na dawa. Nikagonga kioo. Nyuma ya weusi ule nikaona kivuli cha bwana yangu kikikaza shingo. Nikagonga kwa ngumi, nikapiga kelele, nikamwita kila jina ninalomwitaga, hata yale yasiyofaa mbele ya mama. Kichwa hakikugeuka. Baadaye aliniambia alidhani ni mama mkwe anayegonga, na mama mkwe akigonga, mkwe mwenye adabu atageukaje? Adabu gani hiyo ya kuua mtu! Nilimchukia, nasema wazi. Nilikichukia kile kioo, na fundi, na babu, na Kasai nzima.

Bariere, kizuizi cha barabarani, ndiyo iliyotuokoa, maana pale ilibidi asimame. Nikaruka chini, nikafungua mlango wake.

"Mama anakufa, na weye unaangalia barabara!"

Akashuka. Bado hakumtazama. Alisimama amempa mgongo, akasema akielekea porini: "Ambia mama aingie ndani. Mi nitakaa nyuma. Weye utaendesha."

"Na gia zako je?"

"Endesha tu!"

Mama, hata na pumzi ile, alingoja kwanza mkwe wake asogee mbali ndipo akakubali nimbebe. Nikamweka kitini, nikafunga vioo, nikabonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, ile ile ya soksi, na nikaibariki. Akapuliza pompi tena. Safari hii iliingia dawa peke yake. Bwana yangu akapanda nyuma, akakaa kwenye godoro. Nikaondoa gari, na gia ziliingia zote bila ubishi.

Polepole mabega ya mama yakashuka. Akaweza kukaa wima. Kisha akageuka. Mama yangu, akageuka! Kule nyuma kamio lilikuwa limetupita, na bwana yangu amekuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi suti ya kilio, amejikunja, ameshika ukingo wa gari, anakohoa mpaka machozi. Mama akamtazama kwa muda mrefu. Akaweka kiganja chake kwenye kioo.

"Aksanti, mwana wangu," akasema, na hakuwa anasema nami.

Bwana yangu huko nyuma hakusikia kitu. Aliendelea kukohoa.

Jioni, kwenye kilio, nilimkuta bwana yangu ananawa uso nyuma ya nyumba. Nikamwambia alilosema mama. Akasimama na maji yanamchuruzika kidevuni, hajifuti.

"Alisema na sauti gani?" akauliza.

Nikamwigizia, na ule mkwaruzo wa mama. Akaniomba nirudie.