Mzee ninayemvalisha shati hapa Sydney aliwahi kuwa mamluki Congo

Wakuu, salaam. Haya nimeyaona mwenyewe. Nimebadilisha majina tu, kwa sababu ya kazi.

Mimi ni mtu wa Fizi, mashariki mwa Congo. Naishi Guildford, hapahapa Sydney, nahudumia wazee kwenye aged care upande wa Liverpool.

Kuna mzungu mmoja, nimwite Ken, miaka themanini na ushee. Dementia imemfutia karibu kila kitu.

Binti yake aliniambia bila kupepesa macho: ujanani baba yake alikodiwa kupigana Congo. Akarudi, akafungua duka la rangi Ingleburn. Nyumbani hakusimulia.

(Tunadhani mamluki wote hufia porini. Wengine huzeeka, na lazima mtu awaogeshe.)

Shida ilikuwa kumvalisha. Alibana mikono kifuani, ukimgusa anapiga. "Arms up, Ken" haikusaidia. Mwenzangu Mama Odette, Mrundi, alipasuliwa mdomo.

Asubuhi moja nilichoka. Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa ukali kidogo, "Mikono juu."

Akainua yote miwili papo hapo.

Kisha akasema, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, "Usiniue, bwana. Niko na watoto."

Wakuu, hayo si maneno ya mwenye bunduki. Ni maneno aliyoambiwa. Aliyasikia mara ngapi hadi yakabaki, na jina la binti yake likapotea?

Nilifunga vifungo, nikatoka.

Mama Odette akauliza, "Baba Rehema, dakika mbili tu? Umemroga?"

"Nimebahatisha."

"Basi hiyo bahati iandike kwenye care plan. Mdomo wangu si ngoma."

Nilikaa muda mrefu na tablet tunayojazia care plan, ule mpango wa kumhudumia kila mzee. Nikiandika "Mikono juu", kila asubuhi atatekwa upya, na watekaji ni sisi. Nisipoandika, Mama Odette atapigwa tena.

Na sitaficha: sehemu yangu moja ilitaka kuandika. Nina wajomba ambao hatujui walizikwa wapi.

Mwishowe niliandika: anunuliwe mashati ya kufunguka mgongoni. Yale unaingiza mkono ukiwa chini.

Yalifika wiki iliyopita. Hapigi mtu tena. Ila nikisogea na shati, hutazama kwanza mikono yangu.

Nilichojifunza: mtu unaweza kumhudumia vizuri bila kumsamehe. Kusamehe, mimi bado sijaweza.

Mlio kwenye kazi hii, ninyi mngeandika nini?