Risasi Asizozikumbuka Verna

Verna Tollefson, mjane wa miaka sitini na ushee anayefuga kondoo chini ya milima ya Montana, alinunua bastola ya magnum, ile ya risasi kubwa, baada ya dubu kumlia kondoo wa pili. Ilikuwa nzito kama nyundo. Alipoijaribu mara ya kwanza ilimrukia, nusura impige usoni, na shemeji yake Orrin akacheka hadi machozi.

"Shemeji, hiyo itakuua wewe kabla ya dubu!"

"Cheka tu. Siku ukikutana naye utaniita."

Asubuhi moja ya Septemba Verna alifungua zizi, dubu akamtokea pale pale, meno nje. Akachomoa bastola, akafyatua. Dubu akageuka, akatimua mbio msituni.

Orrin akatokea nyuma ya gari lake, alilokuwa ameliegesha kando ya zizi.

"Verna, umefanya nini?"

"Nimepiga moja hewani, kumtisha."

"Moja? Hebu ifungue."

Akaifungua. Risasi zote sita zilikuwa zimeshatoka, yamebaki maganda. Mlango wa dereva wa gari la Orrin ulikuwa na tundu, na Orrin alikuwa ndiyo kwanza ameshuka.

Verna akakaa matopeni. Alikumbuka mlio mmoja tu. Vidole vyake viligoma kuachia mpini, ikabidi Orrin avibandue kimoja kimoja, bila utani hata kidogo.

Bastola anayo hadi leo, imefungiwa kabatini. Zizini huenda na mbwa wawili na kopo la pilipili ya kupuliza, na Orrin huanza kupiga honi tangu barabarani.