Saini Yangu Yenye Mkia

Jamani, hili nalisema leo kwa kuwa wengi walioliona walishahama Sumbawanga, na waliobaki wananionea huruma hawalitaji mbele yangu, lakini aibu niliyoipata siku ile kwenye uwanja wa kiwanda cha sembe mpaka leo inanipitisha njia za nyuma nikimwona mtu niliyefanya naye kazi. Na ilianza na uoga wangu tu, uoga wa kumwambia baba mkwe hapana.

Kiwanda kilikuwa kimebinafsishwa, mwekezaji kaja na lake: ajira ya kudumu hakuna, kila mtu mkataba wa miezi mitatu mitatu, ukiisha akipenda anakuita, asipopenda unarudi kulima. Wa kumzuia ni chama cha wafanyakazi, ila sasa vyama vilikuwa viwili, cha zamani na kipya, na ofisa kazi akasema chama chenye zaidi ya nusu yetu ndicho kitakachokaa mezani na meneja, kisipopatikana basi meneja ataelewana na kila mtu peke yake. Mimi nilikuwa katibu wa chama cha zamani (cheo nilichokipenda kuliko mshahara), na kila kadi ya mwanachama niliitia saini mwenyewe, saini ndefu yenye mkia unaozunguka mara mbili na kuishia kwenye nukta, niliyoifanyia mazoezi tangu darasa la saba. Tulikuwa tumevuka nusu kwa mtu mmoja tu. Wa mwisho kujiunga alikuwa Mama Zita, mjane aliyechambua mahindi pale kwa miaka kumi na mmoja akiwa kibarua, na aliogopa mpaka nikamwapia: "Mama, tukiingia mezani, wa kwanza kupata ajira ni wewe."

Jumapili baada ya misa baba mkwe akaja nyumbani. Mzee Kalisti alikuwa mtu wa mizani pale pale kiwandani, na ni katekista, mtu asiyeomba kitu kwa mtu, na ndiye aliyekuwa akiandikisha watu wa chama kipya. Akakaa, akanywa togwa, akatoa fomu.

"Mwanangu, njoo kwetu. Wewe ukija, wengine watakufuata."

Sasa nyie mnajua, mkwe ni mkwe, na huyu alinipa binti yake nikiwa sina hata kitanda. Akaniuliza kama kule nimeshatoka. Nikasema, "Natoka kesho, baba." Nikasaini, mkia na nukta yake. Nilijiambia ni karatasi tu, mzee aondoke ameridhika, halafu nitamtafuta mtu wa kuichomoa (nani, hata sikujua).

Alhamisi tukakusanywa uwanjani, baridi ya Julai hiyo, upepo unapeperusha pumba mpaka machoni, na ofisa kazi akasoma orodha mbili kwa sauti. Jina langu likasikika kwenye ya kwanza, likasikika tena kwenye ya pili.

"Aliyeko pande zote mbili anafutwa pande zote mbili," akasema.

Hapo ningekiri, ningeaibika kidogo yakaisha. Mimi nikapaza sauti: "Mheshimiwa, hiyo wameghushi!" Wenzangu wakashangilia, "Katibu! Katibu!", kichwa kikanivimba, nikaongeza kwamba chama kipya ni cha wezi wa saini, na ofisa akauliza nani aliileta fomu hii.

Mzee Kalisti akasimama, akavua kofia.

"Ni mimi. Alisaini nyumbani kwake, nikinywa togwa yake." Akanigeukia. "Fidelis mwanangu, nimeghushi?"

Nikasema ndiyo. (Mungu anisamehe, nilisema ndiyo, mbele ya watu anaowafundisha katekisimu.)

Ofisa akaiinua ile fomu juu. Binti mmoja wa kushona magunia, aliyesimama mbele, akasema, "Mbona ina mkia?" Basi watu wakaanza kutoa kadi zao mifukoni, mmoja baada ya mwingine, wanalinganisha, mkia ule ule, mizunguko miwili, nukta. Kilichofuata ni kicheko, hata mlinzi wa getini alicheka akashikilia ukuta, mpaka ofisa aliposema kwamba bila mimi tumebaki nusu kamili, na nusu haitoshi. Hapo hakucheka mtu.

Jumatatu meneja akaanza kuwaita wafanyakazi ofisini mmoja mmoja, kila mtu na mkataba wake wa miezi mitatu. Mama Zita hakuitwa.

Nilikwenda kwa baba mkwe kuomba radhi. Alinipokea, akanipa kigoda, akanisikiliza hadi mwisho. "Ungesema hapana, ningeondoka tu," akasema. Nilijuta, na bado najuta, maana kumbe lilikuwa jambo dogo kiasi hicho.

Baada ya mavuno Mama Zita naye akaja. Nilidhani amekuja kunitukana, nikajiandaa. Kumbe alisikia kuna kazi kwenye ghala kule Kasesya, wanataka barua ya mtu anayejua kwamba amefanya kazi miaka kumi na mmoja. Nikaandika, nikamalizia na jina langu kwa herufi za kawaida, kama mtoto wa shule, kwa sababu tangu siku ile nilikuwa nimeapa saini ile sitaiandika tena.

Akaitazama barua sana.

"Weka na ule mkia, katibu. Ili wajue ni wewe kweli."

Nikauweka, na ndio ulikuwa wa mwisho.