Piano ya Mwalimu Winfrida

Mwalimu Winfrida alikuwa amekwisha kukata shauri: piano itoke, kinanda cha umeme kiingie. Ile piano ya kusimama aliachiwa na sista mmoja aliyerudi kwao, na wapiga vinanda wengi wa makanisa ya mjini walijifunzia pale sebuleni kwake, mtaa wa Buzebazeba. Lakini siku hizi kwaya yake ilikuwa ikialikwa vijiji vya ufukweni, na piano haipandi boti.

Bonifasi, mwenye duka la vyombo vya muziki kule Gungu, alikuja kuitazama. Alimwamkia, akakataa chai, akaizunguka piano akipapasa mikwaruzo.

"Rangi imechakaa, Mwalimu. Huku chini mchwa wameshaonja. Nitakubadilishia na kile kinanda kidogo cha watoto kilichoko dukani."

"Umeangalia kabati lake la nje tu, baba. Piano bado hujaiangalia."

Winfrida alifungua kifuniko, akang'oa na ubao wa mbele, akawasha tochi ya simu. Kisha akapiga sauti moja moja, kuanzia nzito hadi nyembamba. Nyuzi zilikuwa na kutu kidogo kwa unyevu wa ziwa, na kitambaa cha nyundo mbili zinazogonga nyuzi kilikuwa kimeliwa na nondo. Lakini vigingi vinavyokaza nyuzi vilishika barabara. Tangu alipoikaza kabla ya Pasaka, hakuna sauti iliyolegea. Bonifasi akaanza kuitikia kwa kichwa.

"Tuivute, tuone na mgongo," Winfrida akasema.

Kwa nyuma, mwanga wa tochi ulikuta ufa kwenye ubao wa sauti, ule unaovumisha nyuzi, mrefu kama mkono. Winfrida hakuwahi kuujua. Bonifasi alikuwa upande wa pili, hajauona, na piano ingeweza kurudishwa ukutani vilevile.

"Njoo huku uone."

Bonifasi aliinama, akauchungulia. "Mwalimu, ungenyamaza nisingejua."

"Halafu kesho useme nimekupa kitu kibovu? Sasa umeijua yote. Ithamini kwa haki."

Bonifasi akarudia kutaja kinanda kidogo cha watoto.

"Hicho hapana. Ufa upo, na sauti umeisikia kwa masikio yako. Nataka kile kikubwa cha kupigwa kwa mikono miwili, na stendi yake. Kikiwa kimetumika, sikatai."

Walibishana hadi chai aliyoikataa akainywa. Kila Bonifasi alipotaja ufa, Winfrida aliukubali, kisha akapiga wimbo mwingine.

"Haya, chukua na stendi," Bonifasi akasema mwishowe. "Spika utajitafutia."

"Nitatafuta."

Wanaume wanne walipoitoa, Winfrida alishika pazia la mlango akiwaonya waangalie ngazi. Machozi yalimjia baadaye, alipofagia vumbi mahali ilipokuwa imesimama. Alijifuta kwa kanga, akasimamisha palepale kinanda walichomletea. Jumamosi kwaya ilikuwa na safari. Vibonyezo vilikuwa vyepesi mno, vidole vikamteleza. Akaanza wimbo upya.