Joka Limekunywa Mursik Yetu

Leo mama ameokoa kijiji kizima akitoka jikoni, na hajui hata hiyo gemu inachezwaje.

Mnajua hapa Kapkatet mimi ndio naendesha ile gemu ya mezani, ya dadu na kuigiza wahusika.

Binamu yangu Chebet alichoka kuwa shujaa wa upanga. Nikamtungia mhusika mpya: Mama wa Mursik. Hana silaha. Ana kibuyu cha mursik tu, yale maziwa lala yetu, na kila anayekunywa anapona vidonda.

Nilimaanisha anyweshe wenzake, jamani!

Joka likafika kuchoma kijiji, tayari limejeruhiwa. Chebet akasema, "Namkaribisha ndani. Namwekea mursik."

Sawa. Nikasema joka limekunywa, limepona, sasa linawachoma wote.

Wachezaji wote wakaniangalia ni kama nimetusi mtu.

Mama akatoka jikoni na chujio mkononi. "Anywe maziwa ya watu halafu awachome? Kwa hii nyumba? Hapana."

Nikarudisha dadu mfukoni.

Joka nililotengeneza wiki nzima sasa ni mgeni, limekaa kwa kiti.

Na Chebet ananiuliza eti litalala wapi.