Mirija Kwenye Chungu cha Mfinyanzi

Nichekeni, nimestahili. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Mwaya, na mchungaji wetu Mjerumani amenipa kazi ya kuwasaka walevi. Juzi nilichungulia nyumbani kwa mfinyanzi mmoja wa kabila la Wakisi. Wazee walikuwa wamezunguka chungu, kila mmoja na mrija mdomoni, mikono ikiwatetemeka. Kwetu, chungu chenye mirija ni pombe tu. Basi sikuuliza. Nilivaa koti langu la ibada, nikamleta mchungaji mwenyewe, nikaingia nikipaza sauti: "Leo mmepatikana!"

Nikampokonya mrija bibi mmoja aliyenipa mgongo, nikanyonya ili nitoe ushahidi. Ulikuwa uji.

"Tukishika vikombe vinamwagika," alisema mfinyanzi, naye akitetemeka. "Kwa mirija tunashiba, na hapa hakuna wa kumcheka mwenzake."

Yule bibi akageuka. Alikuwa mama yangu, uji ukimtiririka kidevuni. Mchungaji akamwuliza kwa upole kwa nini anakuja kunywea huku, ilhali ana mwana.

"Kwake uji ulinimwagikia," alijibu mama, "akanifokea mbele ya wajukuu."