Rais Aliyeitwa Baba

Juzi, kwenye basi la kwenda Hounslow, huku ughaibuni, nyuma yangu walikaa mkimbizi mmoja wa makamo na binti yake. Alikuwa ametoka kumpokea uwanja wa ndege. Alimwacha angali mtoto mchanga alipomkimbia rais wa kwao, ambaye sasa amepinduliwa.

"Nyumbani kwako ni mbali, mzee?" binti aliuliza.

"Niite baba."

Binti akainamia mikono yake. "Baba tulimwita rais, kila asubuhi shuleni. Ulimi haujazoea kumwita mtu mwingine."

Yule bwana akaitikia kwa kichwa, akamfunga skafu vizuri shingoni.

Rais yule alijiita Simba, Jemadari, Rais wa Maisha. Majina hayo angejichukulia tu. Hili la Baba lilikuwa na mwenyewe, na hadi wanashuka alikuwa bado anaitwa mzee.